Kibofu Changu Mbele ya Ukoo

Walisema sitaweza kukaa peke yangu. Walilisema mbele yangu, kana kwamba masikio nayo yalikuwa yamepooza. Walisema sitaweza kuoga, sitaweza kupika, sitaweza kusimamia mafundi. Jirani yetu mmoja wa kule juu Rombo, mtu ambaye hajamaliza kujenga hata choo chake, alikuja kunitazama hospitalini. Akakaa pembeni ya kitanda, akautazama mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia, akamwambia baba yangu mdogo kwa mnong'ono ambao wodi nzima iliusikia:

"Mangi, mtu ambaye mkojo wake mwenyewe haumtii, mafundi watamtii?"

Nilimsubiri baba mdogo amjibu. Alitikisa kichwa tu, kile kichwa cha mtu anayekubali kwa huzuni.

Hawakujua wanamsema nani. Mimi nimejitengeneza kwa mikono yangu. Diploma yangu ya ufundi wa maji niliisomea kwa fedha za kubeba mikungu ya ndizi sokoni Mkuu. Nilikwenda Arabuni nikiwa fundi bomba wa kawaida, nikaondoka huko nikiwa msimamizi, na wahandisi wenye digrii walikuwa wanakuja kuniuliza bomba gani lipite wapi. Nilirudi Moshi na mashine zangu, nikajenga nyumba Pasua, karakana mbele, vyumba nyuma. Ukikuta pampu Mabogini inayosukuma maji kwenye mpunga bila kukohoa, uliza aliyeifunga.

Siku niliyoanguka nilikuwa juu ya mnara wa tangi la maji la mteja. Ubao ulivunjika chini ya mguu. Nilipozinduka, kuanzia chini ya chuchu kwenda chini hapakuwa na kitu. Mikono ilibaki. Kichwa kilibaki. Na diploma haipoozi.

Fedha za Arabuni ziliishia kwenye matibabu, kisha zikaanza kwenda za wengine. Baba mdogo alitoa za kahawa yake. Mjomba wa Dar alituma. Shangazi, dada yake baba, aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Kina mama wa jumuiya walifungua sanduku lao. Niliwaambia wote tangu siku ya kwanza kwamba huo ni mkopo, si msaada. Wakaitikia "sawa, sawa", kama mtu anavyomwitikia mgonjwa mwenye homa.

Watu wakiona kiti cha magurudumu wanadhani shida ni miguu. Miguu ni shida ndogo; miguu iliyolala haimuui mtu. Kinachoua ni kibofu. Uti wa mgongo ukishaumia, kibofu hakizungumzi tena na kichwa. Kinajaa kimyakimya. Kikijaa sana kinajikaza ili kisukume, lakini msuli wa mlangoni, ambao zamani ulikuwa unalegea kwa wakati wake, sasa nao unajikaza saa hiyohiyo. Pampu inasukuma na koki imefungwa. Fundi maji yeyote anajua kinachofuata: presha inarudi nyuma. Na nyuma ya kibofu ziko figo.

Sista wa wodini ndiye aliyenifundisha kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba. Unanawa kwa sabuni, unapaka mafuta yake maalumu, unauingiza mpira taratibu mpaka mkojo utoke wote, unauchomoa, unarudia baada ya saa chache, kila siku ya maisha yako. "Saa ya mkononi ndiyo kibofu chako sasa," alisema. Katika wodi ile nilikuwa wa kwanza kuweza, na wengine waliletwa kitandani kwangu waangalie. Kuna jambo alilolirudia mpaka nikaliota. Sisi tuliovunjika uti usawa wa kifua, alisema, kibofu kikijaa kupita kiasi mwili unapandisha presha ya damu bila kuuliza. Kichwa kinapasuka, uso unawaka, jasho linatoka shingoni na usoni tu, na vinyweleo vinasimama.

"Ukifika hapo, mtu asikulaze," alisema. "Kaa wima. Shusha miguu. Legeza mkanda. Halafu tafuta kilichoziba, upesi. Mshipa wa kichwani haungoji."

Nikatoka hospitalini, nikarudi Pasua, nikakaa peke yangu. Nilitandika mbao juu ya vizingiti vyote, nikashusha meza za karakana zifikie kiti, nikaita mafundi wangu kazini. Nilikunywa maji kwa saa na kuyatoa kwa saa. Kule juu nyumbani sikumweleza mtu habari za mpira. Mwanamume mzima hatangazi mkojo wake migombani. Walidhani upande huo umepona, nami nikawaacha wadhani.

Msimu wa sikukuu ulipofika, watu walipopanda mlimani kutoka kila pembe ya nchi, nikaletewa habari kwamba kuna kikao cha ukoo na ajenda ni mimi. Walitaka mashine zangu ziuzwe, nyumba ya Pasua ipangishwe, wanaodai walipwe, na mimi nirudishwe kwa mama, kwenye chumba cha kando ya zizi, nitunzwe. Kwa ufupi, nizikwe kabla sijafa. Na waliokuwa wanasema hivyo ndio hao hao wanaonidai, niliowaomba subira. Ningewazibaje midomo? Kilichobaki kilikuwa kufika, kukaa kama mtu mzima, na kuwashawishi.

Rafiki yangu mwenye pikapu alinipandisha. Tulipofika Mkuu nilijitoa mkojo kwenye chumba cha nyuma cha duka la mtu ninayemfahamu, kisha tukapanda hadi nyumbani. Kikao kilikuwa cha asubuhi. Lakini mjomba wa Dar alikuwa bado njiani, na ukoo wetu hauanzi bila mjomba wa Dar. Mama alinipokea kwa furaha, akanipokonya begi langu.

"Sikukuu hii wezi wamejaa," akasema. Akaliingiza chumbani kwake, akafunga mlango, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

Mipira yangu ilikuwa humo ndani. Nilijiambia nitamwita kabla mambo hayajaanza. Mara mjomba akapiga honi, watu wakavuta viti uani, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikatolewa.

Kwenye ukoo wetu kata ya mbege ikishaanza kuzunguka kikaoni, hakuna anayeinuka mpaka irudi kwa mkubwa wa ukoo. Kila mmoja anapokea, anakunywa, anasema lake, anampa wa pili. Anayeondoka katikati amekataa maneno ya ukoo kabla hayajasemwa. Na anayeikataa kata yenyewe ana kitu moyoni. Ningeweza kuonja tu, hakuna ambaye angenuna. Lakini shangazi, aliyekuwa ameketi karibu yangu, aliegemea akaniambia kwa huruma:

"Onja kidogo tu, baba. Usijichoshe."

Nikainywa mpaka nikaona chini ya kata. Wakacheka, wakapiga makofi. Ikazunguka tena, nikainywa tena. Mbege ya mama ni nzito kwa ulezi, lakini ikishashuka inakuwa maji tu, na maji yana njia moja.

Mjomba alisema kwanza. Alisema mjini hakuna mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani usiku asipate vidonda. Baba mdogo akafuata. Alizungumza polepole, amekunja koti magotini.

"Mimi sina ugomvi na kijana," alisema. "Kijana ana akili, tena nyingi mno. Lakini mashine inakula mafuta, na mgonjwa anakula fedha, na vyote viwili viko Pasua. Tuuze kimoja."

"Uuze mgonjwa!" mtu akadakia kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Nilitazama saa. Muda wangu ulikuwa umepita zamani. Kata ilikuwa upande wa pili wa duara, mikononi mwa mzee mmoja anayependa kuanza na habari za babu yake. Nikipiga magurudumu kuelekea nyumbani sasa hivi, nimeondoka. Wataamua nikiwa mlangoni. Nikajiambia, huyu akimaliza, wawili tu wamebaki. Akafika kwa babu. Akapita kwa baba wa babu.

Ndipo kichwa kikaanza. Kwanza kilikuwa kama kidole kinachogonga kisogoni. Kisha kikawa nyundo. Uso ukawaka moto, na baridi ya mlimani ilikuwa imeshashuka na ukungu, watu wamejifunika mashuka. Nikahisi jasho linateremka nyuma ya masikio. Vinyweleo vya mikono vikasimama vyote pamoja. Nilijua. Ndani ya sekunde ile nilijua kila kitu, kama mtu anayeona ufa kwenye bomba kabla maji hayajaruka.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza shangazi.

"Ameshuka kwa jirani kuongeza mbege. Kwani vipi?" Akanitazama vizuri. "Mae! Huyu mtu analowa jasho na baridi hii!"

Kikao kikavunjika bila kata kurudi kwa mtu. Walinivamia kwa upendo wote wa ukoo. Wanne waliniinua kutoka kwenye kiti, wakanilaza chali juu ya mkeka chini ya migomba, mmoja akanikunja miguu, mwingine akanipepea kwa jani. Nilipogusa mkeka tu, kichwa kikawa mara mbili. Niliona vimulimuli vyeupe kwenye majani.

"Ni presha," akasema mjomba wa Dar. "Mimi nina vidonge vyangu hapa. Mpeni na mbege ashushie."

"Nikalisheni," nikasema.

"Anaweweseka."

"Nikalisheni!" Kiswahili kikaniishia, nikapiga kelele kwa Kichagga, maneno ambayo sijayasema tangu nikiwa mtoto. Hawakusikia, au walisikia mgonjwa tu. Baba mdogo aliinama karibu na uso wangu kunifungua kola. Nilimkamata koti. Mikono yangu ni ya kusukuma magurudumu siku nzima. Nikishika kitu hakichomoki.

"Baba mdogo, ukinilaza wewe ndiye utakayenizika. Nikalishe. Miguu chini. Fungua mkanda."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Akawageukia wenzake.

"Anasema akalishwe. Mkalisheni! Hamsikii?"

Wakaniinua. Baba mdogo akaketi nyuma yangu, kifua chake mgongoni mwangu, akanishika wima kama mtu anayeshikilia nguzo ya uzio. Mkanda ukafunguliwa, viatu vikavuliwa. Nyundo ilipungua kidogo, kisha ikarudi. Nikawaambia kilichobaki kusemwa, mbele ya wajomba, mabinamu, wake za mabinamu na watoto wao: kwamba kibofu changu kimejaa na hakifunguki chenyewe, kwamba ninautoa mkojo kwa mpira, na kwamba mpira umo chumbani kwa mama na mlango umefungwa.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikimbia hadi mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba, mahali mteremko unapoanza, akaweka mikono mdomoni, akaita. Huku kwetu simu inaweza kukosa mtandao, lakini sauti ya mwanamke haikosi njia. "Ufunguo! Ufunguo urudi!" Mwanamke wa kihamba cha chini akaipokea, akaipeleka kwa wa chini yake, na nikaisikia ikiteremka, ufunguo, ufunguo, mpaka ikawa ndogo ndani ya ukungu.

"Vunjeni mlango," akasema baba mdogo.

Mabinamu wawili wenye miili wakaenda kuupiga kwa mabega. Nikasikia vishindo, kimoja baada ya kingine, na mlango hautikisiki. Niliununua mimi mlango ule. Mninga mtupu, kitasa kutoka Arabuni. Nilitaka mama alale bila wasiwasi.

"Umemjengea mama benki," mmoja wao akapaza sauti, akihema. "Tuingie kwa shoka?"

"Ingieni kwa chochote!" akajibu baba mdogo. Moyo wake niliusikia mgongoni kwangu, juu ya usawa wa chuchu, mahali ambapo bado nina hisia. Ulikuwa unakimbia.

Kabla shoka halijapatikana mama akatokea kwenye migomba, bila kilemba, bila mbege. Alijaribu kufungua fundo la kanga na vidole vikamkatalia. Akajaribu tena. Shangazi akaikamata kanga, akalifungua fundo kwa meno.

Walinipeleka kwenye ghala la kahawa, baba mdogo peke yake akabaki nami ndani. Macho yangu yalikuwa yanaona vitu viwiliviwili. Nikasema maji na sabuni.

"Utakufa unanawa!" akafoka.

"Nitanawa."

Akanimiminia. Nilinawa vile nilivyofundishwa, katikati ya vidole, maana uchafu ukiingia kule ndani unapanda hadi kwenye figo, na siku hiyo sikutaka kuponyoka chui niangukie kwa simba. Nikapaka mafuta, nikaingiza mpira. Ukafika mlangoni, ukagota. Msuli ulikuwa umekaza kama ngumi. Hapo mjinga angesukuma kwa nguvu akajichana. Mimi nilisimamisha mkono. Kichwa kilikuwa kinapiga, jasho linaingia machoni, na nikatulia kabisa, nikavuta pumzi, nikaitoa polepole, mpira ukiwa umeegemea tu pale mlangoni. Nikavuta nyingine. Baba mdogo alikuwa anasali kwa sauti ya chini, Salamu Maria, na alikuwa anarukaruka maneno.

Mlango ukalegea. Mpira ukapita.

Baba mdogo alikuwa ameshika ndoo ya kunyweshea ndama. Mkojo ukaanza kugonga bati, na haukuacha. Alitazama ndoo, akanitazama mimi, akatazama ndoo.

"Bado?"

"Bado."

"Mae! Ukoo mzima umo humu."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba kichwa kimenyamaza. Hakikupungua kama maumivu mengine yanavyopungua. Kilinyamaza kama mashine iliyozimwa. Niliona magunia ya kahawa, moja moja, na kila gunia likiwa limekaa mahali pake.

Tulipotoka nje hakuna aliyekuwa amekwenda. Nikasukuma kiti changu hadi katikati ya duara, nikawafundisha. Nilichora kibofu kwenye udongo kwa kijiti, na figo, na mabomba yanayoviunganisha, na nikawaonyesha presha inarudi vipi. Hata wake za mabinamu walisogea. Nimewahi kueleza mitambo kwa mabwana wa Kiarabu wenye mabilioni, lakini sijawahi kupata wasikilizaji kama wale. Nikamaliza nikisema: hili ndilo ninalolifanya kila siku peke yangu Pasua, na leo ndiyo mara ya kwanza limenishinda, kwa sababu nilikuwa mikononi mwenu.

"Sasa anatutukana," akasema mjomba.

"Anasema kweli," akasema baba mdogo. Hakuinuka. "Tulimlaza. Kila mtu hapa alimlaza. Aliyejua la kufanya ni mmoja, na alikuwa analisema, na tulimpepea kwa jani. Mimi nilisema mashine ziuzwe. Neno langu nalirudisha. Aende kwake, afanye kazi, atulipe."

Shangazi hakuridhika. "Na siku ukiwa peke yako ukazimia, nani atafungua mkanda?"

"Jirani ana ufunguo wangu," nikamwambia. "Na mafundi nitawafundisha kama nilivyowafundisha ninyi."

"Na mbege?"

"Mbege nitaonja."

"Hilo sikuamini," akasema, na watu wakacheka, naye hakucheka. Wengine walibishana mpaka ukungu ukafunika uwanja. Mwisho mkubwa wa ukoo akaitaka kata yake, akaimwaga mbege iliyobaki chini, akasema madai yangojee mavuno ya mpunga wa Mabogini, na yakingoja, yalipwe.

Nilishuka Pasua nikafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Niliwafundisha mafundi dalili za kichwa na jasho kabla sijawafundisha kukata bomba jipya. Kuna wakati mkojo ulibadilika rangi, ukanuka, nikatetemeka kwa homa. Nikafunga karakana mchana huohuo nikaenda hospitali, nikalazwa, nikatibiwa, nikapigwa picha za figo. Daktari aliziinua kwenye mwanga, akasema ni safi. Nilimwambia najua, ila nilitaka na yeye ajue. Wakulima wa mpunga wakaanza kunitafuta mimi, si mimi kuwatafuta wao. Mtu wa kiti cha magurudumu haingii kwenye majaruba. Nilikaa tutani na kutoa amri, na pampu ziliwaka.

Siku ya kulipa sikutaka kutuma fedha kwa simu. Niliwalipa wote siku moja, uso kwa uso. Nilipanda kwa gari langu mwenyewe, lile nililolifungia breki na mafuta vya kubonyeza kwa mkono, kwa ufundi wangu. Kina mama wa jumuiya waliimba. Mjomba, aliyekuwa amepanda kwa msiba, alipokea akasema hakumbuki kama zilikuwa nyingi hivyo. Baba mdogo aliziweka koti la ndani bila kuzitazama, akaniuliza kama kazi ipo kwa mwanawe mdogo. Nikamwambia ipo, aje na sabuni yake.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Kwake sikupeleka fedha. Aliuza ng'ombe, nikampelekea ng'ombe: mtamba mwenye mimba, mweusi kwa mweupe, amesimama nyuma ya pikapu ya rafiki yangu akiitazama nyumba kana kwamba ndiye anayeinunua. Shangazi alimzunguka. Akampapasa ubavu, akainama akatazama chuchu, akamfungua mdomo.

"Amekonda," akasema.

"Amesafiri, shangazi."

"Yule wangu alikuwa na kiuno kipana kuliko huyu."

"Nimrudishe nikuletee mwingine?"

"Nani kasema umrudishe?" Akamshika kamba, akamteremsha mwenyewe, akamfunga kwenye mgomba wa karibu na zizi. Kisha akachukua panga akaingia shambani kumkatia majani, na mimi nikabaki uani kwenye jua, sidaiwi na mtu yeyote kati ya Mkuu na Moshi.